JIFUNZE KWANZA KUANGUKA
Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari kuhusu judo, karate na uongozi



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya uongozi, na najua neno hilo limeshawachosha. Ukisikia "uongozi" unafikiria uchaguzi wa viranja, matangazo ya mstarini na beji ya kaka mkuu. Leo nataka nipitie njia nyingine. Nataka tuzungumze juu ya judo, karate na michezo mingine ya kujihami, na jinsi inavyoweza kukufanya kiongozi hata kama hujawahi kupewa beji yoyote.

Nawasikia huko nyuma mnacheka! Najua, karate mnaijua ya kwenye filamu. Bruce Lee anaruka mara moja, watu kumi wako chini. Ukimaliza kuangalia unatamani umpige mtu teke palepale njiani. Na wapo vijana wanaojiunga na mazoezi kwa sababu hiyo moja tu: waogopwe.

Basi nikuulize swali. Fikiria bwenini kwenu. Wapo watu wawili wenye nguvu. Wa kwanza akiingia, njuka wote wananyamaza. Mmoja anaficha sabuni, mwingine anakimbilia ndoo akamchotee maji mkubwa. Wa pili akiingia, njuka wanapumua, kwa sababu wanajua wakati yupo hakuna atakayeonewa. Wote wawili wana nguvu. Je, yupi ni kiongozi?

Jibu mnalo. Sasa tuone mazoezi ya kujihami yanavyoweza kumtengeneza yule wa pili, na jinsi yanavyoweza, yakifanywa vibaya, kumtengeneza yule wa kwanza.

Mtoto aliyeonewa

Mwaka 1860 huko Japani alizaliwa mtoto aliyeitwa Jigoro Kano. Darasani alikuwa mkali, lakini mwili wake ulikuwa mdogo na dhaifu. Shuleni Tokyo wenzake wenye miili mikubwa walimwonea. Akasikia kuna mchezo wa zamani uitwao jujutsu, ambao mtu mdogo anaweza kumwangusha mkubwa. Akautaka sana. Kumpata mwalimu halikuwa jambo rahisi, maana siku zile Wajapani wengi walikuwa wanakimbilia mambo mapya na kuyadharau ya kale. Alimpata mwaka 1877, alipoingia chuo kikuu.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21 tu, Kano alifungua shule yake ndani ya hekalu moja mjini Tokyo. Mikeka ilikuwa 12 na wanafunzi 9. Shule akaiita Kodokan, na mchezo wake akauita judo. Jujutsu ilikuwa na mbinu za kuvunja na hata za kuua. Kano alizitenga zile za hatari kubwa zisitumike katika mazoezi ya kupambana. Akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zao zote, kisha wote wawili wakarudi nyumbani wazima.

Huyu bwana kazi yake ilikuwa ualimu. Aliongoza chuo cha kufundishia walimu Tokyo kwa miaka zaidi ya 20. Mwaka 1909 alikuwa mtu wa kwanza kutoka bara la Asia kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alifariki mwaka 1938, na judo ikaingia Olimpiki mwaka 1964, mjini Tokyo kwenyewe.

Kano alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake mambo mawili makubwa. La kwanza, tumia nguvu zako kwa njia iliyo bora kabisa, usizipoteze. La pili, ukikua ukue pamoja na mwenzako. Mnaona? Mtoto aliyeonewa alipopata nguvu hakurudi kulipiza kisasi. Alijenga shule.

Somo la kwanza: kuanguka

Ukienda kwenye ukumbi wa judo siku ya kwanza ukitegemea kufundishwa kumbwaga mtu, utasikitika. Utafundishwa kuanguka. Siku ya pili, kuanguka. Wiki ya tatu bado unaanguka!

Kuanguka kuna ufundi wake. Unakunja shingo, kidevu kinaelekea kifuani, ili kisogo kisigonge chini. Unautoa mwili ukiwa umejikunja kama gurudumu, si umenyooka kama gogo. Mkono wako unaupiga mkeka wakati uleule mwili unapofika chini, ili kishindo kisambae. Huweki kiganja chini kujizuia, maana hapo ndipo mifupa ya mkono inapovunjika. Lakini tafadhali, usiende kujaribu haya leo jioni kwenye sakafu ya bweni. Ni mambo ya kujifunza juu ya mikeka, mbele ya mwalimu.

Kwa nini hili ni somo la uongozi? Kwa sababu mtu anayeogopa kuanguka hafanyi kitu. Hanyooshi mkono darasani kwa kuogopa kuchekwa. Hagombei nafasi kwa kuogopa kushindwa. Akipata sifuri ya hesabu anachana karatasi. Lakini mtu aliyeanguka mara mia mbele ya wenzake, na mara mia akainuka, akatengeneza koti lake, akainama kumshukuru aliyemwangusha, huyo kushindwa hakumtishi tena. Anajua ni sehemu ya mazoezi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Judo inakufundisha methali hiyo kwa mgongo wako mwenyewe.

Somo la pili: usiuachie mkono wa koti

Sasa umejua kuanguka, unaanza kufundishwa kumwangusha mwenzako. Hapa kuna jambo dogo ambalo kwenye filamu hulioni. Unapomrusha mwenzako, mkono wako mmoja unabaki umeshika mkono wa koti lake. Anapokaribia chini, unauvuta juu kidogo. Kwa nini? Ili aanguke kwa ubavu, na kichwa chake kisigonge mkeka.

Fikiri vizuri juu ya jambo hilo. Wewe ndiye unayemwangusha, na wewe huyohuyo ndiye unayemlinda. Katika sekunde ile mwenzako yuko hewani, hana la kufanya, maisha yake yamo katika vidole vyako. Ukiachia, anaweza kuumia. Ukishika, anainuka mnacheka, halafu zamu inageuka: sasa ni yeye anakurusha wewe.

Vijana, kwangu mimi uongozi wote umo hapo. Kiongozi ni mtu mwenye nguvu juu ya mwingine ambaye bado ameshika mkono wa koti lake. Wewe kiranja unapomwadhibu mwenzako, umeshika? Wewe wa kidato cha nne unapomtuma njuka, umeshika? Wewe kaka unapomkaripia mdogo wako nyumbani, umeshika au umeachia?

Somo la tatu: ukigongwa, acha

Katika judo kuna kubana mtu chini, na kwa waliofikia umri na ngazi kuna kukaba na kupinda kiwiko. Mwenzako akizidiwa anagonga kwa kiganja mara mbili au zaidi, juu ya mwili wako au juu ya mkeka. Akigonga, unaachia saa ileile. Huulizi kwa nini. Humwambii "vumilia kidogo". Husemi eti anajifanya.

Hili ni somo kubwa kuliko mchezo. Mtu akisema basi, ni basi. Mvulana, msichana akikuambia hapana, amekwisha kugonga. Rafiki yako akisema utani huu unaniumiza, amegonga. Mtu anayesikia kugongwa anaaminiwa na watu, na anayeaminiwa na watu ndiye anayefuatwa.

Kugonga nako ni ujasiri. Anayekataa kugonga kwa ajili ya sifa anavunjika kiwiko. Ukizidiwa na masomo, na mawazo, na mambo ya nyumbani, gonga. Mwambie mwalimu unayemwamini, mwambie mama, shangazi, mjomba. Hakuna aibu katika kugonga.

Mchezo mmoja, njia mbili

Je, ina maana kila anayejifunza judo au karate anakuwa mtu mwema? Hapana. Nisiwadanganye.

Mwaka 1986 mtafiti mmoja wa Marekani, Michael Trulson, alichapisha matokeo ya jaribio lake. Alichukua wavulana wa miaka 13 hadi 17 waliokuwa na tabia ya kuvunja sheria, akawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa taekwondo ya asili: heshima, utulivu, kutafakari, mazoezi ya hatua kwa hatua, na kujihami. Kundi la pili lilifundishwa mateke na ngumi tu, bila hayo mengine. Kundi la tatu lilicheza michezo ya kawaida. Baada ya miezi 6, kundi la kwanza ukali ulikuwa umepungua na kujiamini kumeongezeka. Kundi la pili je? Ukali ulikuwa umezidi kuliko walivyoanza!

Vijana wale hawakuwa wengi, na jaribio moja halimalizi neno. Lakini hata Norway, mwaka 2005, watafiti waliofuatilia wavulana walioingia katika ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na michezo ya mapigano waliona tabia za fujo zikiongezeka. Kwa hiyo teke lenyewe halina tabia. Tabia inatoka kwa mwalimu, na kwa wenzako, na kwako wewe.

Na liko jambo la kusikitisha zaidi. Kule kule Japani, nyumbani kwa judo, kati ya mwaka 1983 na 2010 wanafunzi zaidi ya 100 walifariki katika judo ya shuleni. Wengi waliumia kichwa. Wengi walikuwa wageni katika mchezo, wanarushwa na wakubwa kabla hawajajua vizuri kuanguka. Wazazi waliofiwa walisimama wakadai mabadiliko, taratibu za usalama zikakazwa, na vifo vikapungua. Koti lilikuwa lilelile na mikeka ileile. Kilichokosekana ni mtu wa kushika mkono wa koti na kusikia kugongwa.

Wasichana nao?

Najua kuna wasichana hapa wanaojisemea, haya ni mambo ya wavulana. Sikilizeni habari ya Keiko Fukuda. Babu yake ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa Kano. Mwaka 1935 Kano alimkaribisha binti huyu aanze mazoezi. Urefu wake haukufika hata sentimita 150. Alifika ngazi ya tano ya mkanda mweusi, kisha akakwama hapo miaka mingi, kwa sababu tu wanawake hawakuwa wakipandishwa zaidi. Hakununa akaacha. Aliendelea kufundisha, akahamia Marekani, na mwaka 1972 mlango ukafunguliwa. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 98, alipewa ngazi ya kumi na chama cha judo cha Marekani. Alifariki mwaka 2013, bado akiwa mwalimu.

Tusogee nyumbani sasa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Wasichana 402 walifundishwa kujihami, saa 2 kila wiki kwa wiki 6. Walifundishwa kuitambua hatari mapema, kusema hapana kwa sauti kamili, kupiga kelele, na mwishoni kabisa, kama hakuna njia nyingine, kupiga na kukimbia. Kabla ya mafunzo, karibu msichana mmoja kati ya wanne alisema ameshambuliwa kingono katika mwaka uliopita. Miezi 10 baada ya mafunzo, walikuwa pungufu ya mmoja kati ya kumi. Kundi ambalo halikupata mafunzo hayo lilibaki karibu palepale. Na zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema wameshatumia walichojifunza kuzuia shambulio.

Angalieni, ngumi ilikuwa ya mwisho katika orodha. Sauti ilitangulia. Msichana aliyezoea kusema hapana kwa sauti kamili mbele ya wenzake hatashindwa kusema neno lake kwenye mkutano wa darasa.

Lakini nisieleweke vibaya. Aliyeshambuliwa akashindwa kujitetea hana kosa hata kidogo, awe msichana au mvulana. Kosa ni la mshambuliaji siku zote. Jambo hilo likikupata, mwambie mtu mzima unayemwamini, na uende kituo cha afya haraka, kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa za kukinga virusi vya UKIMWI zinafanya kazi mapema. Simu ya watoto ni 116, kwa Tanzania na kwa Kenya pia, na ni bure.

Namna ya kumchagua mwalimu

Vilabu vya judo, karate na taekwondo vipo katika miji yetu mingi. Zanzibar kwa mfano judo imefundishwa kwa miaka mingi. Kabla hujajiunga, nenda kwanza ukae pembeni uangalie. Jiulize haya:

1. Je, wageni wanafundishwa kuanguka kabla ya kurushwa?
2. Mtu akigonga, anaachiwa saa ileile?
3. Aliyegongwa kichwa anapumzishwa na kupelekwa hospitali, au anaambiwa "kuwa mwanaume"? Anayeumwa kichwa, kutapika au kuchanganyikiwa baada ya kugongwa asirudi mazoezini mpaka daktari amruhusu.
4. Wakubwa nao wanafagia ukumbi, au kazi zote ni za wadogo?
5. Mzazi anaruhusiwa kuja kuangalia? Mwalimu anayetaka mazoezi ya faragha na wewe peke yako, au anayekushika pasipo na maana ya mchezo, au anayekuambia "hii ni siri yetu", mkimbie. Hata kama mkanda wake ni mweusi kama usiku.

Na ukifika huko, usiwe na haraka ya mikanda. Ngazi ya kwanza ya mkanda mweusi Wajapani wanaiita shodan, maana yake hasa ni hatua ya kuanzia. Umetoka jasho miaka, kumbe ndiyo kwanza umeanza!

Na kama hakuna klabu?

Huenda shule yako iko mbali na mji, klabu hakuna, na ada yenyewe ni shida. Usikate tamaa. Mambo yafuatayo hayahitaji koti wala mkanda. Jaribu kwa mwezi mmoja.

Kwanza, chagua jambo moja dogo la kujilazimisha mwenyewe kila siku kwa saa ileile. Inaweza kuwa kuamka dakika 20 kabla ya kengele ukakimbia kuzunguka uwanja, au kusoma kurasa tano kabla ya kulala. Usimtangazie mtu. Ni wewe unajiamuru na wewe unajitii. Asiyeweza kujituma mwenyewe atamtuma nani?

Pili, ukikasirika, vuta pumzi polepole mara tatu kabla hujajibu. Katika mazoezi wanaopambana huinamiana kwanza kwa heshima. Pumzi tatu ndiyo kuinama kwako. Anayekuchokoza anategemea uchemke. Usipochemka, yeye ndiye aliyepoteza mizani.

Tatu, mtafute mmoja aliye chini yako kwa umri, kwa darasa au kwa nguvu, umshike mkono wa koti. Mwelekeze hesabu. Simama karibu naye wanapomzunguka wababe. Huna haja ya kurusha ngumi. Mara nyingi inatosha kusema, "Mwacheni," kisha ukabaki umesimama pale. Wakiwa wengi au wana silaha, usijitie ushujaa. Kamwite mwalimu wa zamu. Kuita msaada ni mbinu, tena mbinu nzuri.

Ukifanya hayo matatu mwezi mzima, njoo uniambie kama hujaona tofauti. Utashangaa watu wameanza kukuuliza, "Wewe unaonaje jambo hili?" Hakuna uchaguzi uliofanyika na hakuna beji uliyopewa. Ila njuka wanajua ukiingia bwenini wanaweza kupumua.

Sasa naona mwalimu wenu anaangalia saa, na mimi nimefundishwa kwamba nikigongwa niache! Maswali tutayajibu nje, chini ya mti.